Nani Yumo Kiganjani?

Wiki iliyopita niliishia makaburini, mtoto nimempakata na mama mkwe wangu amenipa mgongo.

Kwa aliyepitwa, mambo yalikuwa hivi. Mke wangu alishikwa na homa, akalazwa, hakurudi. Aliniachia binti mchanga wa kunyonya. Siku ya mazishi nilimsogeza mtoto kwa bibi yake ampokee. Yule mama akarudi nyuma kama mtu aliyeonyeshwa moto.

“Usiniletee huyo,” alisema mbele za watu. “Ana sura ya mwanangu. Sina macho ya kumtazama. Na wewe, kuanzia leo, usinijue.”

Msiba una maneno yake. Nikameza.

Tangu siku ile hakutia mguu kwangu. Nikipiga simu hapokei. Akipokea kwa kupitiwa, hukata mara tu anaposikia sauti yangu. Nikajifunza kuishi bila yeye, kama nilivyokuwa najifunza kuishi bila binti yake.

Leo nawasimulia jinsi sherehe ya mtoto wa mwaka mmoja ilivyonitia mahali ambapo mpaka sasa sijui kama nimetoka.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yetu ni banda la mabati lenye harufu ya gundi. Mimi nakata sponji, nashona na kuvalisha vitambaa. Mwenzangu anapiga fremu. Huyo tunamwita Msumari, maana huongea misumari ikiwa mdomoni, na wala hajawahi kumeza hata mmoja.

Binti yangu tunamwita Chiriku. Hana neno hata moja analolijua, lakini hanyamazi.

Wazo la sherehe halikuwa langu. Lilikuwa la jirani yangu, Mama Cherehani, fundi nguo mtu mzima ambaye mlango wake na wangu inatazama baraza moja. Yeye ndiye anayenishikia mtoto nikiwa kazini.

“Baba Chiriku,” aliniambia jioni moja akinikabidhi mwanangu, “nyumba yako imenuna. Mtoto anakaribia kutimiza mwaka na hajasikia watu wakicheka ndani humo. Mfanyie sherehe.”

“Sherehe ya watu wasiojua kutembea? Watacheza nini?”

“Hilo ufikirie wewe. Mimi nashona gauni.”

Kesho yake nikamuuliza Msumari.

“Michezo ya mtoto wa mwaka mmoja?” Akatoa misumari mdomoni ili acheke vizuri. “Mpe sufuria na mwiko. Sherehe imekwisha.”

Lakini alipoona sicheki, akavuta kigoda akaketi.

“Haya. Wanapenda nini hawa viumbe?”

“Kutambaa. Kujificha. Kubomoa.”

“Basi umeshapata.”

Tukaanza. Mabaki ya sponji niliyashona mito midogo, mizito na myepesi, ya kurundika kilima wapande na kuporomoka bila kuumia. Msumari akakunja mabomba ya plastiki yakawa pete kubwa, mimi nikazivalisha kitambaa cha kochi, likawa handaki refu la kutambaa ndani yake. Tukapanga na mashindano ya kutambaa: watoto upande huu wa mkeka, wazazi upande ule wakiwaita. Na mchezo wa shuka, mnaishika pembe nne mkiipandisha na kuishusha juu ya vichwa vyao. Na mapovu ya sabuni ya kukimbiza.

Tangu mke wangu afariki sikuwahi kufanya kazi nikipiga mluzi. Siku zile nilipiga.

Handaki lilipokuwa tayari nilirudi nalo nyumbani mapema. Nikataka tujaribu mashindano, mimi na Chiriku peke yetu, sebuleni, jua bado liko juu.

Nikamweka mwisho wa mkeka. Nikaenda upande wa pili, nikapiga magoti, nikafungua mikono.

“Chiriku, njoo kwa baba.”

Akaja. Mbio mbio, matako juu, anapiga kelele za furaha. Nikajiandaa kumdaka.

Akanipita.

Alipita kando ya goti langu kama ninavyopita mimi kando ya nguzo ya barabarani. Akaenda mpaka mlango wa chumba cha kulala. Pale akakaa kitako, akainua uso, akacheka.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kisha akafanya jambo lililonikausha mate. Akachukua mkono wake wa kushoto, akakunja kidole kidogo. Akakunja kinachofuata. Vidole vile vinene vikamshinda, akarudia, mpaka ngumi ikajifunga. Halafu akaiinua ile ngumi juu, mbele yake, mahali ambapo lingekuwa sikio la mtu aliyechuchumaa.

Akaishikilia hapo. Akasubiri.

Ndugu zangu, mchezo ule naujua. Mke wangu alikuwa akiucheza naye kitandani. Anapuliza kiganja cha mtoto, anakunja vidole kimoja kimoja akianzia kidogo, anaiweka ile ngumi sikioni mwake na kuuliza, “Nani yumo?” Anasikiliza. Kisha anafungua vidole na kumbusu kiganjani.

Sijapata kumwona mtu mwingine yeyote akiucheza. Nilidhani aliubuni mwenyewe. Na alipokufa, Chiriku alikuwa bado hajui hata kugeuka kifudifudi.

Na mimi? Mimi sikuucheza naye hata mara moja. Nisingeweza. Kila nilipokishika kile kiganja nilihisi namwibia mtu.

Nilimbeba mtoto, nikatoka naye nje, nikaenda kwa Mama Cherehani. Alikuwa akipiga pindo.

“Mama, kuna mtu yeyote anamchezesha Chiriku ninapokuwa kazini?”

Mguu wake ukasimama juu ya cherehani.

“Mtu gani?”

“Ndiyo nauliza.”

“Mimi niko naye hapa,” alisema, akirudisha macho kwenye kitambaa. “Mchana namlaza kwako, kelele za cherehani zisimwamshe. Milango yote iko wazi, namwona kutoka hapa.” Akavuta kitambaa mbele. “Ila…”

“Ila nini?”

“Wakati mwingine huamka mwenyewe, namsikia anacheka. Muda mrefu. Kama mtu anayetekenywa. Nikienda, yuko peke yake.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia nini, mwanangu? Kwamba mtoto anacheka?”

Nilimwona anaficha kitu. Mtu mkweli akidanganya hujulikana kwa mikono. Uzi ulimtoka kwenye sindano, akashindwa kuurudisha.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Msumari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Safari hii hakucheka.

“Mtoto anakula?” aliuliza.

Kwa kweli wiki ile Chiriku alikuwa anasukuma kijiko. Mama Cherehani alisema ni meno.

“Sitaki kukutisha,” alisema Msumari. “Lakini nyumbani kwetu walikuwa wakisema, mama aliyekufa akimzoea mtoto, mwisho humwita.”

“Ni maneno tu hayo.”

“Lisemwalo lipo. Kama halipo, laja.”

Niliendelea kushona mito, ila mluzi ulikwisha. Usingizi nao ukawa wa kuazima. Mkono wangu ukawa kifuani kwa mtoto wakati wote, kuhakikisha kinapanda na kushuka. Nikaamua kwamba sherehe ikipita nitamhamisha. Nitatafuta chumba kingine, mtaa mwingine, popote ambapo mama yake hakupata kuishi.

Ndiyo. Nilianza kumkimbia mke wangu. Mwanamke niliyekuwa nikimlilia arudi, sasa nilikuwa naomba asije.

Siku mbili kabla ya sherehe nilitoka karakana adhuhuri bila kumuaga mtu. Nilipofika barazani, cherehani ya jirani ilikuwa kimya. Mama Cherehani alikuwa amekaa kizingitini kwangu kama mlinzi. Aliponiona akasimama, akanyoosha mkono kunizuia.

“Baba Chiriku, ngoja kwanza.”

Sikungoja, maana kutoka chumbani nilisikia sauti.

“Nani yumo?”

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Ile ile, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, kama mtu aliyetoka kucheka.

“Nani yumo humu, mama? Eti nani?”

 Nilishika ukuta, nikajivuta hivyo hivyo mpaka mlangoni, nikachungulia.

Mwanamke alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwangu, ngumi ya Chiriku iko sikioni mwake. Nywele zilikuwa nyeupe.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Ningekuwa mtu wa kupiga kelele ningepiga. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Yeye alipogeuka na kuniona, hakusimama. Alimvuta mtoto kifuani, kama anayetarajia kunyang'anywa.

“Usimlaumu jirani yako,” alisema. “Nilimwapisha asikwambie.”

“Mama, tangu lini?”

“Zamani kidogo. Nilikuja siku moja nimtazame kwa mbali, basi. Nilisema nitachungulia niende zangu.” Akamfuta Chiriku mate kidevuni kwa pembe ya khanga yake. “Ndiyo hivyo. Sikuweza kwenda zangu.”

“Mbona hukuja nikiwepo?”

“Kwa uso gani? Kwa yale niliyokwambia kaburini?”

 Nikamuuliza lile lililokuwa likinila.

“Huo mchezo, mama, umeujua wapi?”

“Huu?” Akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Huu ni wangu. Mwanangu alikuwa hataki kulala mchana. Nikabuni kitu cha kumtuliza. Naye akaucheza na mwanawe, sivyo?”

“Kila siku.”

Akainamisha kichwa. Mabega yakamtikisika. Nami nikalia, ila kilio changu kilikuwa na nafuu ndani yake. Kumbe hapakuwa na mzimu. Palikuwa na bibi anayeona haya, na sauti ambayo binti aliirithi kwa mama yake. Nilikuwa karibu kuhama mtaa kwa sababu ya mama mkwe.

Nilicheka mpaka akaniuliza kama ni mzima.

“Mama,” nilimwambia, “kesho kutwa nina wageni wadogo na michezo mingi, na sina mtu wa kuisimamia.”

“Michezo gani?”

Nikamwonyesha handaki. Akalizunguka, akalibonyeza, akaninyooshea kidole.

“Giza mno katikati. Mtoto atalia. Toboa dirisha.”

Nikatoboa madirisha, nikayafunika kwa kitambaa chembamba. Kisha yule mama mwenye heshima zake akajifunga khanga vizuri, akapiga magoti, akaingia mwenyewe kulijaribu. Akakwama kiunoni. Mimi na Mama Cherehani tukamvuta miguu, Chiriku akipiga makofi. Nyumba ile, iliyokuwa imenuna, ikacheka mpaka mabati yakaitika.

Siku ikafika.

Walikuja watoto wa barazani na wa mtaa wa nyuma, na mama zao, na baba mmoja mwoga aliyemshika mtoto wake kama sinia la mayai. Msumari alikuja na boksi la maputo, akaagizwa kuyapuliza nje, maana moja lilipasuka na sherehe nzima ikalia.

Mama mkwe ndiye aliyeendesha kila kitu. Alipoona kilima cha mito kimewachosha, akaleta shuka. Shuka ilipoanza kuwachosha, akaleta mapovu. Alijua mtoto gani anataka kubembelezwa na yupi anataka kuachwa. Katika mashindano ya kutambaa, yule mtoto wa baba mwoga alilala usingizi katikati ya mkeka, wenzake wakampanda na kupita. Chiriku, ndani ya gauni la Mama Cherehani, alishika njia, akaja moja kwa moja mikononi mwangu.

Kwangu. Hakunipita.

Nilimwinua juu. Nikajiona mtu ambaye mvua imemkatikia.

Tukaacha watoto wapumzike kabla ya keki. Mimi na mama mkwe tukakaa ukutani, juu ya mito. Alikuwa anapepea uso kwa sahani ya karatasi.

“Nataka kukwambia neno, baba,” alisema. “Nisipolisema leo litanikaa.”

“Sema, mama.”

“Nilikuchukia. Nilisema huyu atamsahau mwanangu kabla udongo haujakauka. Atampa mtoto mama mwingine, jina lisitajwe tena.” Akanitazama. “Unajua ni nini kilichonibadilisha?”

“Sijui.”

“Siku ile ya kwanza. Nilipoingia chumbani, mtoto alikuwa macho. Hanijui, sijawahi kumshika. Akanitazama, akakunja vidole vyake, akaniletea ngumi sikioni.” Akaacha kupepea. “Yeye ndiye aliyenianza. Nikajiambia, kumbe baba yake anamfundisha. Kumbe mwanamume huyu anakaa na mtoto na kumchezesha mchezo wa mama yake, asimsahau. Ndipo moyo ukanilainika. Ndipo nikarudi siku ya pili.”

Kelele za watoto zikawa mbali, kama zinatoka nyumba nyingine.

“Asante, baba,” alisema. “Hilo tu.”

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Najua. Mtu mwenye akili angeipokea ile asante akaitia mfukoni, akaenda kukata keki.

Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya binti yake, na mimi macho yale sikuwahi kuyadanganya.

“Mama,” nilisema, “sikumfundisha mimi.”

“Nini?”

“Sijacheza naye mchezo ule hata mara moja.”

Akafikiri. “Basi ni jirani.”

Mama Cherehani alikuwa akipita na jagi la maji. Tukamwita. Mama mkwe akamuuliza kwa upole, nani alimfundisha mtoto mchezo wa vidole.

“Si wewe, mama?” alisema Mama Cherehani. “Mimi niliuona kwako.”

“Na kile kicheko cha mchana,” niliuliza, “ulichoniambia. Kilianza alipoanza kuja mama?”

Aliweka jagi chini.

“Hapana,” alisema. “Kile ni cha tangu zamani. Cha tangu wiki za mwanzo za msiba. Mama alipoanza kuja, mimi nilifurahi, nikajua sasa angalau yupo mtu.”

Tukatazamana watu watatu. Neno la Msumari likanirudia: mwisho humwita.

“Tutahama,” nilisema. “Leo hii. Watu wakitoka tu, namchukua mwanangu tunaondoka.”

Nilitarajia mama mkwe aitikie. Nilitarajia aogope kama mimi. Nilipomgeukia, uso wake ulikuwa umenyooka, umeng'aa, kama wa msichana aliyeambiwa mgeni wake yuko njiani.

“Uhame uende wapi?” aliuliza taratibu. “Mwanangu anakuja hapa, wewe unataka kumhamishia mtoto?”

“Mama, tusiseme hivyo.”

“Miezi yote hii namwota hanisemeshi. Kumbe alikuwa huku.”

Akainuka. Mama mmoja alikuwa ametoa keki, mshumaa umewashwa, watu wanajipanga kuimba. Mama mkwe akapita katikati yao akitabasamu, akamnyanyua Chiriku kutoka mkekani, akamweka begani.

“Nampeleka kunawa uso,” aliwaambia.

Aliingia naye chumbani. Nikasikia mlango ukifungwa. Kisha nikasikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani.

Niliruka mito, nikaruka watoto, nikafika mlangoni.

“Mama, fungua.”

Nikagonga kwa ngumi.

“Mama, nakuomba. Watu wanasubiri keki.”

Nyuma yangu wimbo ulianza na kukatika. Msumari alikuja akasimama kando yangu, puto moja bado liko mkononi mwake. Niliweka sikio kwenye mbao. Ndani, Chiriku alianza kucheka, kile kicheko kirefu, cha mtu anayetekenywa.

“Mama, unamfanya nini?”

“Mimi?” sauti ya mama mkwe ilijibu, na ilitoka huku huku, nyuma tu ya mlango, mbali na kilipo kitanda, mbali na kilipo kile kicheko. “Mimi sijamgusa, baba. Nimemlaza tu. Hebu nyamazeni huko nje, mtamfukuza.”